Boga la Kumfungua Mkwe Kinywa

Panda, Likasi. Jumapili jioni, katikati ya Julai.

Baridi ya leo imekaza. Asubuhi nilipofungua mlango wa uani, moshi wa kiwanda ulikuwa umelala juu ya mabati ya kambi yetu ya wafanyakazi badala ya kupanda, na umande wa nyasi uliniuma vidole vya miguu kupitia soksi. Sasa jua limeshuka. Nimekaa karibu na dirisha nikitumia mwanga uliobaki, na vidole vyangu vinanuka asali na samaki. Nimenawa kwa sabuni mara mbili. Havisikii.

Daftari langu, leo nina maungamo mawili. La kwanza ni kwamba nilionja. La pili ni wivu, nalo litasubiri mpaka mwisho wa ukurasa.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika maabara ya Kampuni ya madini, nikikausha mawe yaliyosagwa, nikiyapima, nikiandika matokeo. Mtu wa maabara ana desturi moja: haamini kitu ambacho hajakipima. Desturi hiyo ilinilisha, ikawasomesha watoto wangu. Leo nusura iharibu jambo ambalo mke wangu amelingoja miaka sita.

Niliandike kwa utaratibu.

Binti yetu wa kwanza anaitwa Mwape, ndiyo maana kambi nzima inatuita Papa Mwape na Mama Mwape. Ameolewa na Kalenga, fundi wa umeme pale Koni, kwenye kituo cha mto Lufira. Wakati wa ubatizo alikuwa Fidèle, kabla majina ya Kizungu hayajakatazwa, lakini mimi nimemzoea kama Kalenga. Ni mtu wa maneno machache na baiskeli safi. Kila Jumapili baada ya misa huja kwetu, yeye kwa baiskeli, Mwape na mtoto wao kwa teksi-basi. Nimecheka naye, nimecheza naye dama, nimemkopesha vitabu akavirudisha.

Mwanzoni mwa mwezi huu alipewa barua ya uhamisho. Anapelekwa Inga, kwenye bwawa kubwa la umeme, upande wa pili kabisa wa nchi: treni hadi Ilebo, kisha meli, kisha gari. Wanaondoka Jumanne. Waendao huko hawarudi kwa likizo. Hurudi baada ya miaka, na wengine hurudi na mvi.

Na katika miaka yote sita, Kalenga na mke wangu hawajawahi kuzungumza.

Hawakugombana. Ni buko. Najua wewe, daftari, unajua maana yake, lakini huenda siku moja ukasomwa na mjukuu aliyekulia Inga, kwa hiyo naeleza. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake. Hamtamkii neno, naye hatamkiwi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Padri mmoja mgeni aliwahi kuniuliza kwa nini watu wetu wanawachukia wakwe zao. Nilimjibu kwamba mtu hajengi ugo kuzunguka kitu asichokipenda. Asiyeweza kusema nawe hawezi kukutukana, na mliotenganishwa na heshima hamwezi kutenganishwa na ugomvi.

Lakini ugo una mlango. Mama mkwe akiona mkwe wake anakaa vizuri na binti yake, humpikia chakula kwa mkono wake mwenyewe, na mkwe anakila mbele yake. Akimaliza, husema neno la kwanza. Kuanzia siku hiyo wao ni mama na mtoto. Kwa watu wa mke wangu, wa kando ya Lufira, chakula hicho ni boga. Sharti lichomwe, lisichemshwe, na liwe tamu na lenye chumvi kwa pamoja. Wanasema undugu wa asali tupu huleta inzi, na undugu wa chumvi tupu huleta kiu.

Miaka sita, basi, hawa wawili wamezungumza kupitia mbabula yetu.

Mbabula ni jiko letu la makaa, kopo kubwa la chuma lenye matundu ubavuni. Katika siku za baridi kama hizi hukaa mlangoni kati ya jiko na uani. Mke wangu hukaa ndani, ameelekeza uso ukutani, Kalenga hukaa nje, ameelekeza uso barabarani, na mbabula iko katikati kama mkalimani.

“Weye mbabula,” mke wangu husema, “uambie ule muntu mwenye kukaa ku inje, baridi itamuuwa. Akaribie moto.”

Na Kalenga, akiitazama barabara: “Mbabula, umuambie mama aksanti sana. Minye niko bien, niko muzuri.”

“Mbabula, uambie ule muntu, bien yake inatetemeka meno.”

Mwape hucheka mpaka machozi. Mimi pia nilikuwa nacheka. Lakini tangu barua ile ilipokuja, sijacheka tena.

Kwa nini mke wangu hakumfungua kinywa mapema? Mwaka wa kwanza alisema ni mapema mno. Mwaka wa pili alikuwa katika msiba wa kaka yake. Mwaka wa tatu wadudu walikula maboga shambani. Baada ya hapo sababu zilizidi kuwa ndogo, na mwaka jana nilimwuliza wazi. Aliendelea kuchambua lenga-lenga, mchicha wetu.

“Nikimufungua kinywa,” alisema, “ataanza kuniona vile niko.”

Nilimwelewa. Watu sita katika kumi wa kambi hii wanamwogopa mke wangu kwa ulimi wake, na wanne waliobaki ni wageni. Kwa Kalenga peke yake ameweza kuwa mama asiye na kosa.

Jioni ya siku ile barua ilipofika alipanda kiti, akashusha maboga mawili aliyokuwa ameyahifadhi juu ya kabati tangu mavuno. Ni yale madogo, ya ngozi ngumu ya kijivu, ambayo ukiyagonga yanalia kama mlango. Akaliweka moja mezani.

“Hii ya Kalenga,” alisema. Lilikuwa jina la mkwe wake, ambalo hakuwahi kulitaja, na alilitamka kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akaonyesha la pili. “Na hii, Mwape ataibeba ku njia. Atapanda mbegu yake kule.”

Halafu, siku nane zilizopita, ikaja Jumamosi ya salongo, kazi ya umma. Tulikuwa tukisafisha mitaro kama kila Jumamosi, kwa lazima na kwa kuimba. Mke wangu aliteleza kwenye tope, akaangukia mkono wa kulia. Muuguzi akaufunga kitambaa kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Haujavunjika, lakini hauwezi kushika hata kijiko.

Chakula cha kufungua kinywa hakipikwi na jirani. Hakipikwi na Mwape pia, kwa kuwa mkono wa Mwape unamlisha mumewe kila siku. Lazima kiwe cha mama mkwe. Nilidhani mambo yamekwisha. Usiku wa Ijumaa nilimwambia kwa upole kwamba pengine Mungu amepanga vingine.

“Mungu hapana kuteleza mu tope, ni minye,” alisema. “Papa Mwape, siku ya ndoa padri alisema nini? Weye na minye tuko mwili moja. Njo vile, mukono yako ni mukono yangu. Weye utapika.”

“Minye?”

“Minye nitakaa pale, nitakuambia. Weye utakata, utachoma. Lakini usionje. Kinywa ya muntu wa hii nyumba haitangulie kinywa ya mukwe. Ukionja, haina tena ya kumufungua. Ni chakula tu.”

Nilikubali. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mzee kama mimi, aliyesoma, atashindwaje na jambo dogo kama kufunga mdomo?

Leo alfajiri tulianza, maana tulitaka kuwahi misa ya kwanza, halafu wageni wafike saa sita. Napenda kuandika hapa jinsi linavyopikwa, kwa sababu mpaka leo nilikuwa mlaji tu, na mlaji hajui kitu.

Boga halimenywi. Ngozi ndiyo inayolishika lisivunjike. Unalipasua kwa panga dogo, unatoa mbegu, unakata vipande vyembamba kama mwezi mchanga. Unavipaka mafuta ya mawese kidogo sana, yasije yakashinda. Kisha unavipanga kwenye sufuria nzito ya chuma bila maji, hata tone. Makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Hapo ndipo nilipofurahi, kwa sababu nilitambua kazi yangu ya zamani: ni kukausha. Boga limejaa maji, na ukilichemsha unaongeza maji juu ya maji. Ukilichoma hivi, maji yanatoka polepole, na utamu uliokuwa umetawanyika unakusanyika, mpaka kingo zinakuwa kahawia na kunata.

Likiwa karibu kuiva, unafunua na kumwaga asali. Yetu ni asali nyeusi ya porini, inayoletwa mjini katika chupa za bia, na bado ina vipande vya nta. Juu yake unanyunyiza karanga zilizokaangwa na kutwangwa, pilipili kidogo, vitunguu vilivyokaushwa motoni, na mwisho makayabu, samaki wetu wa chumvi, aliyelowekwa usiku kucha, maji yakabadilishwa mara mbili, kisha akachambuliwa nyuzi nyuzi. Unafunika tena kwa muda wa kusali rozari nusu.

Mke wangu alikaa kwenye kiti chake, mkono uliofungwa juu ya mto, akiniongoza kwa masikio na pua.

“Punguza makaa ya chini. Inalia mbio.”

“Wapi inalia?”

“Weye haina masikio? Inalia mbio. Ikilia polepole, njo muzuri.”

Kisha akaenda kuvaa kwa ajili ya misa. Mwanamke mwenye mkono mmoja huchukua muda kufunga kitenge.

Nikabaki peke yangu na sufuria.

Nilifunua kifuniko. Harufu iliyotoka ilinirudisha miaka mingi. Kipande kimoja kilikuwa kimejikunja ukingoni, asali imeganda juu yake kama vanishi, na unyuzi wa samaki umeshikwa ndani. Sikuwaza buko. Sikuwaza Kalenga. Niliwaza: je, chumvi imetosha? Mkono ukachukua kijiko, kama ulivyozoea kuchukua kipimo. Nikaonja. Ilikuwa imetosha kabisa. Nikaonja tena kwa upande wa pili wa sufuria, maana kipimo kimoja si kipimo. Na mara ya tatu, naungama, haikuwa kipimo.

Ndipo nikakumbuka.

Nilisimama pale na kijiko mkononi. Hakuna aliyeniona. Vipande vilikuwa vingi, na ningeweza kuvipanga upya pasijulikane kitu. Boga lilikuwa bora kuliko lolote nililowahi kula katika nyumba hii, na mimi ndiye niliyekuwa nimelichoma. Ningenyamaza tu. Nani angeumia?

Sasa inanibidi niandike juu ya mama mkwe wangu.

Niliishi katika buko naye miaka tisa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye shamba la mihogo ng’ambo ya mto. Kila tulipomtembelea, niliketi nyuma ya nyumba yake chini ya upenu, na sahani yangu ya bukari, ugali wetu, ililetwa imefunikwa. Chini ya bukari, mahali ambapo hakuna mtu mwingine angeona, kila mara palikuwa na kipande kikubwa cha samaki, kikubwa kuliko vya wanawe. Kila mara. Alikuwa amegundua, sijui vipi, kwamba napenda kichwa cha samaki, na kuanzia hapo kikawa kichwa. Nilikuwa na neno la kumwambia, neno dogo tu, nami nilijua siku yangu ya boga itakuja. Alikuwa akimwambia mke wangu, mavuno yajayo. Akafa Machi, maboga yakiwa bado maua.

Siku ya mazishi nilisimama mbali, kama desturi inavyotaka. Aksanti yangu bado ninayo. Sijui niipeleke wapi.

Kwa hiyo nilijua ni nani angeumia.

Mke wangu alirudi amevaa. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akakitazama kijiko.

“Ulionja.”

“Nilionja.”

“Mara ngapi?”

“Tatu.”

Alikaa. Nilimwona akizeeka mbele ya macho yangu. Nilijaribu hoja, Mungu anisamehe, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Nilimwambia: kama mkono wangu ni mkono wake, basi pengine...

“Njo vile,” alinikata. “Mukono yako ni yangu. Na kinywa yako ni yangu. Basi ni minye nilionja. Njo ubaya.”



“Na ilikuwa namna gani?” aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo.

“Muzuri sana.”

“Ya kweli?”

“Ya kweli.”

Alifuta jicho kwa kitambaa cha mkono mbovu. Nilidhani atanitukana, nami ningefurahi kutukanwa. Badala yake alilitazama kabati.

“Leta ile ingine,” alisema.

Nilimkumbusha kwamba lile ni la Mwape, la kusafiri nalo. Alisema Mwape atasafiri na mbegu, na mbegu hazina uzito. Nilimkumbusha misa. Alisema Mungu amekwisha kumwona leo vya kutosha, na akiwa na swali atakuja nyumbani. Hatujawahi kukosa misa ya Jumapili tangu tuje Panda. Leo tumekosa.

Nilipasua boga la pili. Ila samaki hakuwepo. Aliyelowekwa nilikuwa nimemmaliza katika boga la kwanza, na kipande kilichobaki kilikuwa kikavu kama ubao, cheupe kwa chumvi. Nilikitia katika maji ya moto kwa muda mfupi tuliokuwa nao, nikakisugua, nikabadilisha maji, nikaomba. Nikachoma. Moto ulilia polepole, asali ikaganda vizuri, kingo zikawa kahawia. Nilipofunua kifuniko, mke wangu aliniambia niweke mikono nyuma kama mwanafunzi, nami nikaweka.

Sikuonja.

Nilinusa. Lakini chumvi haina harufu. Yeyote aliyefanya kazi na mawe anajua kwamba pua haiwezi kukuambia kilichomo. Nililipanga boga kwenye sahani ya maua nikiwa sijui kabisa ninachowapa watu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kutoa kazi bila matokeo.

Walifika saa sita na nusu. Mwape alielewa alipoona tu sahani imefunikwa kitambaa cheupe na mama yake ameketi mezani, si ukutani. Aliweka mkono mdomoni. Kalenga alisimama mlangoni na kofia yake, na kwa mazoea akaitafuta mbabula kwa macho. Nilikuwa nimeihamishia uani.

Neno la kwanza si la mke wangu. Alivuta tu kiti kwa mkono wake mzima.

Kalenga aliingia. Alikaa huku akitazama meza. Nilifunua sahani, maana mikono yangu ndiyo ilikuwa yake leo, na asali iling’aa, na kwa dakika moja nilijivuna. Alichukua kipande cha kwanza. Alikitia kinywani.

Nilimwona akiacha kutafuna.

Wewe ambaye hujawahi kula makayabu asiyelowekwa, daftari, huwezi kuelewa. Ni kama kulamba kuta za pango la chumvi. Macho yake yalijaa maji. Lakini mkwe anayefunguliwa kinywa hawezi kuacha alichopewa, kwa kuwa kuacha ni kumkataa mama, na kila mtu mezani alikuwa akimtazama. Alimeza. Akachukua cha pili. Vipande vilikuwa vinane, ninavijua kwa kuwa nilivikata. Alikula vyote vinane, polepole, jasho likimtoka kwenye paji la uso katikati ya Julai, na hakuinua uso hata mara moja. Mke wangu alimtazama kwa namna ambayo sijamwona akimtazama mtu. Alidhani ni hisia zinazomtoa jasho.

Sahani ikawa tupu.

Mwape alinieleza baadaye, jikoni, juu ya hotuba ya mumewe. “Papa, alijifunza discours yake juma muzima. Mbele ya kioo. Ilikuwa na maneno ya Biblia, ilikuwa na français. Alisema, siku mama atanifungua, minye niko tayari.”

Kalenga aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alimtazama mke wangu usoni. Alifungua kinywa, na tukaona ulimi wake ukitafuta ile hotuba, na hotuba haikuwepo.

“Mama,” alisema, sauti imekauka kabisa. “Minaomba mayi.”

Mke wangu aligeuka. Kwa mazoea aligeukia mahali mbabula inapokaa, apeleke jibu. Hapakuwa na kitu. Sakafu tupu. Akasimama hapo kidogo, kama mtu aliyefika kwenye mto akakuta daraja limehamishwa. Kisha akaenda kwenye mtungi, akachota kwa mkono wa kushoto, nusu ikamwagika kwenye kitenge chake kipya, akaja, akamshikia kikombe.

“Kunywa, mutoto wangu,” alisema. “Pole.”

Alikunywa chote. Akaomba tena. Alikunywa vikombe vitatu, na kila mara aliomba, na kila mara mke wangu alileta. Na kati ya kikombe cha pili na cha tatu mke wangu alielewa, kwa sababu si mjinga. Alipitisha kidole kwenye sahani tupu, akakilamba. Akanigeukia taratibu.

“Papa Mwape.”

“Ndiyo.”

“Unataka kuuwa mutoto yangu siku moja tu nimemupata?”

Kalenga akaanza kucheka, akapaliwa na maji, Mwape akampiga mgongoni, mtoto akalia kwa kuona watu wazima wakicheka mpaka machozi. Hapo nikaenda kulitoa boga la kwanza, lile nililolionja, nililokuwa nimelifunika juu ya jiko likiwa bado na joto. Halikuwa tena la kufungua mtu. Lilikuwa chakula tu. Tulikaa wote meza moja, mama na mkwe ubavu kwa ubavu, tukalila kwa bukari na kibwabwa, majani ya maboga. Lilikuwa vile nilivyosema. Mke wangu alikula kipande, akatafuna kwa makini, akamwambia Kalenga moja kwa moja, kana kwamba wamesemezana maisha yote:

“Unaona, Kalenga? Huyu muzee akionja, anapika muzuri. Mukataze kuonja, anauwa batu.”

“Mama, ile sahani ya chumvi pia nilikula yote,” alisema Kalenga.

“Minaona. Na minye nilidhani unalia juu yangu.”

“Nililia juu yako pia, mama. Kidogo.”

Walizungumza mchana kutwa. Sikujua kwamba wana maneno mengi namna ile. Mke wangu alimwuliza kama kuna baridi Inga, kama wanauza lenga-lenga, kama ile mitambo ya umeme haimtishi. Alimgombeza kwa kumpa Mwape mzigo mzito kwenye teksi-basi, mwaka juzi. Amelikumbuka hilo miaka miwili, akingoja kinywa. Naye Kalenga alimjibu, akajitetea, akashindwa, akaomba msamaha. Alimwona vile alivyo. Hakukimbia.

Walipoondoka, mke wangu aliwasindikiza hadi barabarani. Alisimama pale mpaka baiskeli ilipopinda kwenye kona.

Sasa yuko jikoni. Namsikia akiimba, akisugua sahani kwa mkono mmoja. Mbegu za boga la pili nimezitandaza kwenye gazeti la zamani karibu na daftari hili ili zikauke kabla ya Jumanne. Ni nyingi, bapa, nyeupe. Nitamfungia Mwape kwa makusudi hata zile nyembamba, ingawa najua hazitaota. Sikuweza kuzichagua.

Na ungamo la pili.

Pale Kalenga alipoomba maji, moyo wangu ulichomwa na wivu, wivu wa mtoto mdogo. Miaka tisa nilijitayarishia aksanti nzuri, yenye adabu, ya mtu aliyesoma. Huyu amepewa mama yake kwa kikombe cha maji, kwa sababu ya kosa langu, na hotuba yake imebaki kooni bila kuhitajika. Labda hata mimi sikuhitaji hotuba. Labda ningeketi chini ya upenu wa mama mkwe wangu siku moja nikasema tu, kwa sauti ya kufika ndani: mama, samaki ni mtamu.

Je, angejibu? Au angeliambia jiko lake?

Kesho, kabla ya kwenda kuwasaidia kufunga mizigo, nitavuka mto. Kaburi lake liko pembeni mwa lile shamba la mihogo. Nimeweka kando kipande kimoja cha boga la kwanza nimpelekee, na sitakionja.